Likizo ya Raili na Programu Isiyosubiri Ruhusa

Raili Hietala alipoomba likizo ya wiki moja mwezi Februari, wenzake wa ofisini walidhani anakwenda Meksiko. Mwezi huo kila mwenye uwezo hapa Thunder Bay, Kanada, hutafuta mahali penye jua, na anayebaki huonewa huruma. Raili hakwenda popote. Aliizima simu yake na kuifungia kwenye droo ya soksi ili watu wa kazini wasimpate, akaweka kompyuta yake juu ya meza ya jikoni, karibu na dirisha linalotazama gari la mumewe lililochomekwa kwenye umeme ili injini isigande kwa baridi, akaanza kujifunza.

Mimi ni jirani yake, na tunacheza timu moja katika klabu ya kaling, ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu huku wenzako wakifagia mbele ya jiwe lipate kuteleza. Kwa hiyo namjua vya kutosha. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mpole, asiyependa kuonekana. Tangu alipotoka chuoni amekuwa akiandika programu za kompyuta katika kampuni moja ya bima hapa mjini, tena programu za aina moja, katika lugha ya kompyuta ambayo vijana huitaja kwa kicheko. Mtu akifiwa, au nyumba yake ikiungua, barua inayomfikia na hundi iliyomo ndani yake vimepita katika mikono ya Raili, ingawa hakuna anayelijua jina lake. Hiyo ni kazi ya heshima. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi watu hudhani kazi isiyopigiwa makofi si kazi.

Sasa mkuu wake, Bernadette Zaluski, alikuwa ametangaza kwamba mfumo wa zamani utazimwa kiangazi. Timu ya mfumo mpya ingekuwa ya watu wachache, na angeichagua Jumatatu ile ambayo Raili angerudi kazini. Waliokuwa wakiitaka nafasi walikuwa wengi kuliko nafasi zenyewe. Wangebaki wengine nje, na ingawa waliambiwa maneno mazuri, kila mtu alielewa kwamba ukibaki nje ya mfumo mpya, mfumo wa zamani ukizimwa nawe unazimwa.

"Nataka kujua kama bado najifunza," Raili alimwambia mumewe, Curtis, asubuhi ya kwanza ya likizo. "Nikiona kichwa kimekataa, siendi kujiaibisha mbele ya Bernadette. Nitaacha nafasi wapewe wengine."

"Na kikikubali?"

"Nitaingia ofisini kwake niombe."

Curtis ni fundi wa reli, mtu wa maneno mengi. "Mke wangu," akasema, "wenzako likizo wanalala ufukweni wanapakwa mafuta. Wewe unaondoka kwenye kompyuta ya kazini unakuja kwenye kompyuta ya jikoni. Hata farasi akifunguliwa mkokoteni hajifungi tena mwenyewe."

"Farasi halipi mkopo wa nyumba."

"Hapo umenimaliza."

Kuna watu wengi wanaotumia likizo kuua wakati, kisha wakirudi wanalalamika kwamba wamechoka zaidi. Sitaki kuwahukumu wote. Lakini nilipompelekea Raili supu siku ya Jumanne, nikamkuta nywele zimesimama, kikombe cha kahawa kimepoa pembeni, na macho yake yanawaka kama ya msichana, nilijiambia kwamba mtu huyu anapumzika kweli.

"Njoo uone!" akaniambia kabla sijavua viatu. "Huu mfumo unauambia tu kazi zifuataneje. Kwanza fanya hili, likiisha fanya lile, likishindikana jaribu tena. Basi! Mambo ambayo mimi nilikuwa nikiyaandika kwa wiki nzima."

"Unakuelewa?"

"Jana haukunielewa hata kidogo. Nilitaka kulia. Leo tumeanza kusalimiana."

Lakini programu haijifunzwi kwa kusoma tu. Lazima mtu awe na kitu cha kutengeneza, na Raili akachagua kitu alichokijua vizuri, yaani ratiba ya klabu yetu. Kila wiki timu hupangwa nani acheze na nani, kwenye barafu ipi, saa ngapi, halafu wachezaji hutumiwa ujumbe kwenye simu. Kazi hiyo hufanywa na mzee Lorne Pickersgill, katibu wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, kwa kidole kimoja, ujumbe baada ya ujumbe. Raili alikuwa na majina na namba za wanachama wote katika kompyuta yake, kwa sababu miaka kadhaa nyuma aliisaidia klabu kutengeneza tovuti. Akayachukua hayo ayatumie kujaribia.

Hapa ndipo alipokosea, na sitalipamba kosa lake kwa sababu ni rafiki yangu. Majina yale alipewa kwa kazi moja, naye akayatumia kwa kazi nyingine bila kumwuliza mtu. Angeweza kubuni majina ya uongo. Wanaoandika programu wote wanajua hivyo, na wote, akaniambia baadaye, kuna siku huona uvivu wa kubuni.

Kosa la pili lilitokana na mazoea. Katika mfumo wao wa zamani, kazi ikishaandikwa haiendi popote. Inakaa kwenye foleni kama gari kwenye kizuizi cha reli, mpaka mtu wa zamu ofisini aitazame na kuiachilia. Raili alikuwa ameishi na kizuizi hicho kwa karibu miaka ishirini, hata akaacha kukiona. Akilini mwake, kuhifadhi kazi kulikuwa ni kuiweka foleni tu. Na ili ratiba yake ya majaribio isije ikafanana na ya kweli, akafanya kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo: akaweka jambo la kipuuzi ambalo hakuna mtu angeliamini. Akaandika kwamba timu zote zicheze Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Alhamisi alasiri akaihifadhi, akafunga kompyuta, akaenda na Curtis kwa wazazi wake kuoga mvuke wa moto kwenye sauna, moyo mweupe kabisa.

Mfumo mpya hauna kizuizi. Ukiuhifadhia kazi, unaifanya.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa klabu pamoja na watu wapatao thelathini. Baridi ilikuwa digrii thelathini na moja chini ya sifuri. Msituone wajinga. Wakati wa mashindano makubwa tumewahi kucheza hata alfajiri, na mwanachama wa kaling akiambiwa saa, anakuja. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, taa zimezimwa, na ndevu za wanaume zilikuwa zimeanza kuota barafu.

"Nani ana namba ya nyumbani ya Lorne?" mtu akauliza.

"Mpigie haraka, sikio langu moja limeshajiuzulu."

Bernadette Zaluski, yule yule mkuu wa Raili, naye ni mwanachama wetu. Ndiye aliyempigia. Baada ya muda gari la Lorne likaingia likikoroma, naye akashuka na koti kubwa juu ya suruali ya kulalia, funguo mkononi.

"Mmepatwa na nini ninyi?" akauliza. "Kuna moto?"

"Wewe ndiye uliyetuita, mzee!"

"Mimi?"

Bernadette akamwonyesha ujumbe kwenye simu yake, uliomalizika kwa neno "Katibu" kama jumbe zake zote. Lorne akavaa miwani, akausoma, akausoma tena. Simu yake mwenyewe alikuwa ameiacha ikichaji jikoni tangu jana. "Mimi sikutuma hii," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Au nimetuma?"

Watu wakatazamana, na yale macho sikuyapenda. Vuli iliyopita Lorne alisahau kuzima birika kubwa la kahawa, likaungua, na tangu hapo watu wamekuwa wakimtania kuhusu kumbukumbu yake. Utani wa namna hiyo ni uchokozi uliovaa nguo safi. Mtu wa miaka sabini na sita akiambiwa mara kumi kwamba anasahau, mara ya kumi na moja atajiambia mwenyewe.

Tuliingia ndani, tukawasha kahawa. Fundi wa barafu alikuwa bado hajafika, kwa hiyo hatukuweza kucheza. Lorne alikaa peke yake karibu na kabati la vikombe vya ushindi. Nilipokuwa nikiondoka nilimsikia akimwuliza Bernadette, "Hizi funguo, unadhani nimkabidhi nani?"

Nilipita kwa Raili kumpa kisa hicho nikidhani ni cha kuchekesha. Nilimkuta yeye na Curtis wanakula chapati nyembamba za maziwa.

"Wewe ulilala," nikamwambia, "wenzako tumegandishwa kama samaki. Lorne katuita wote saa kumi na mbili."

Raili akaacha uma hewani. "Saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi."

Akainuka, akafungua kompyuta pale pale kati ya sahani, akasoma. Kisha akaenda chumbani, akarudi na ile simu ya kwenye droo ya soksi, akaiwasha. Ujumbe wake mwenyewe ulikuwa unamsubiri, ukimwambia aje na ufagio.

"Ni mimi," akasema. "Lorne hahusiki. Ni mimi."

Alitueleza yote. Curtis alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida kwake, kisha akasema, "Sawa. Bernadette alikuwepo pale nje?"

"Alikuwepo," nikajibu. "Ncha za vidole vyake zimevimba kwa baridi."

"Basi sikiliza, mke wangu. Jumatatu ni siku tatu tu kutoka leo. Acha achague timu yake kwanza. Jumanne unakwenda kwa Lorne na keki, unamweleza, mnacheka. Hakuna aliyekufa."

"Na Lorne kati ya leo na Jumanne?"

"Lorne ni mtu mzima."

"Ndiyo maana," nikasema mimi. "Mtu mzima anayekaa siku zote hizo akidhani akili yake inamtoka, wakati wewe unajua haimtoki. Hiyo ndiyo keki utakayompelekea?"

Curtis akanitazama. "Wewe nani alikualika?"

"Nilikuja mwenyewe."

Raili hakutusikiliza sana, sisi wawili. Alikuwa akiutazama ule ujumbe. "Alisemaje hasa?" akaniuliza. Nikamweleza ile habari ya funguo. Akafunika uso kwa viganja.

"Wiki nzima nilikuwa najiuliza kama kichwa changu bado kinafanya kazi," akasema hatimaye. "Najua inavyouma kujiuliza hivyo. Na leo nimempa Lorne swali hilo hilo, tena bila sababu."

Katika kaling ya klabu hakuna mwamuzi. Ufagio wako ukiligusa jiwe linalotembea, hata kama hakuna jicho lililoona, hata kama jiwe hilo ndilo la ushindi, wewe mwenyewe unasimama na kusema, "Nimeligusa," na jiwe linaondolewa. Mtoto wa miaka minane hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusukuma. Nimewaona watu wakidanganya katika kodi, katika ndoa na hata kanisani, lakini sijaona mtu wa klabu yetu akificha kwamba ameligusa jiwe. Naamini mchezo unaofundisha jambo moja kama hilo umefundisha vya kutosha, ilimradi mtu alibebe akitoka nje ya barafu. Wengi hawalibebi.

Jioni ile ndiyo ilikuwa zamu yetu halisi ya kucheza, na tulipangwa kukutana na timu ya Bernadette. Watu walikuwa wengi, wakivaa viatu vya kutelezea na kusimulia habari za asubuhi, kila mmoja akiongeza baridi kidogo. Mtu mmoja alikuwa ameleta maandazi yenye sukari ya waridi juu, yale ambayo mji wetu huyala katika kila furaha na kila msiba. Lorne alikuwa amekaa pembeni. Hakuwa ameleta ufagio wake.

Raili aliingia, akasimama katikati ya chumba na koti lake bado mwilini. Mimi nilijua jinsi anavyochukia kutazamwa.

"Jamani," akasema. Hawakusikia. "Jamani! Nimeligusa."

Chumba kikanyamaza, kwa kuwa neno hilo kwetu hunyamazisha chumba.

"Umegusa nini?" mtu akauliza. "Hatujaanza hata."

"Ule ujumbe wa asubuhi. Ni mimi niliyeutuma, si Lorne. Nilikuwa nikijaribu programu mpya nyumbani, nikatumia namba zenu za kweli bila kuwaomba. Nilidhani haitaenda popote mpaka niiruhusu. Haikusubiri ruhusa. Lorne, hukusahau chochote. Nakuomba radhi. Nawaombeni radhi wote."

Lorne aliinua kichwa polepole. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee wangu. Nimeiona kwa macho yangu kwenye kompyuta."

Yule mzee alivuta pumzi ndefu, akatoa kitambaa akapenga kamasi kwa kelele kubwa mno. Halafu akageukia watu. "Mmesikia? Na yule aliyesema mchana kwamba nipelekwe kwa daktari, anilipie petroli ya alfajiri."

Kicheko kikalipuka. Bernadette peke yake hakucheka. Alikuwa na bendeji kwenye vidole viwili.

"Kwa nini saa kumi na mbili?" akauliza.

"Nilitaka kuweka saa ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeiamini."

"Haya, sasa anatutukana!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikarudi.

"Tutazungumza," Bernadette akasema, akachukua ufagio wake, akatoka kwenda barafuni. Niliuona uso wa Raili. Alikuwa ameshalipa kwa ile nafasi ya timu mpya, na alijua.

Tulishindwa vibaya usiku ule. Desturi ni kwamba walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji, kwa hiyo tulikaa meza moja na timu ya Bernadette, tukitazama barafu kupitia kioo. Raili alishika glasi yake kwa mikono miwili. Bernadette ndiye aliyeanza.

"Wanaotaka kuingia timu mpya wamekuja kwangu wote," akasema. "Kila mmoja kaniambia mfumo ule ni rahisi. Rahisi, rahisi, rahisi. Wewe hukuja."

"Nilikuwa nataka kwanza nijue kama nauweza."

"Na unauweza?"

Raili akafikiri. "Naweza kuufanya ufanye ninachotaka. Tatizo nililoliona ni kwamba unafanya hata nisichotaka. Hauna mahali ambapo mtu anasimama na kutazama kabla kazi haijatoka."

"Sisi tunatuma barua kwa watu wangapi kila asubuhi?"

"Maelfu."

"Maelfu," Bernadette akarudia. "Wafiwa wamo humo. Wazee wamo. Bado nina hasira na wewe, Raili, usifikiri nimemaliza. Ulichukua namba za watu ukazichezea. Ukifanya hivyo kazini, nakufukuza mwenyewe. Lakini katika wote walioniambia rahisi, hakuna hata mmoja aliyenionyesha mahali unapouma." Akanyanyua vidole vyake vilivyofungwa. "Wewe umenionyesha. Jumatatu asubuhi uje ofisini kwangu. Kazi ya kwanza ya timu mpya ni kujenga hicho kizuizi, na utakijenga wewe."

Raili aliiweka glasi yake mezani. Curtis, aliyekuja kumchukua na kusimama nyuma yake na kofia mkononi, ndiye aliyesema, "Atakuja. Hata kama ni saa kumi na mbili."

Zilikuwa zimebaki siku mbili za likizo. Jumamosi Raili alifuta majina yote aliyokuwa ameyachukua, akaanza upya kwa majina ya kubuni, na safari hii akaweka kizuizi. Jumapili baada ya ibada alimwita Lorne nyumbani kwake. Mzee alikuja amevaa tai, kama anayekwenda kusimamia mtihani.

"Nieleze kama mwanafunzi mzito," akasema, akivuta kiti.

Raili akamweleza. Programu ingepanga ratiba na kuandika ujumbe, lakini hakuna ambacho kingetoka mpaka Lorne asome na kubonyeza mwenyewe. Kama angekubali kuitumia, angeyaingiza majina ya wanachama yeye, kwa idhini yao. Kama hakutaka, programu ingefutwa siku ile ile.

"Nisipobonyeza?"

"Haiendi."

"Nikibonyeza kwa makosa?"

"Itakuuliza mara ya pili."

"Huyu ana adabu kuliko wanafunzi wangu," akasema Lorne.

Tangu Raili alipomdokezea jambo hilo Jumamosi, alikuwa ameshawapigia wanachama simu mmoja mmoja, na waliokubali walikuwa karibu wote. Akayaingiza majina yao kwa kile kidole chake kimoja, Raili akikaa kimya kando, asimharakishe. Curtis alipika kahawa, na mimi nilikata keki. Ilipofika mwisho, ujumbe wa wiki ukatokea kwenye kioo, ukisema mchezo ni Ijumaa saa moja jioni. Lorne akausoma kwa sauti. Akavua miwani, akaifuta, akausoma tena, hasa ile saa. Kisha akabonyeza, programu ikamwuliza kama ana hakika, naye akaiambia kwa mdomo, "Nina hakika," ndipo akabonyeza mara ya pili.

"Imeenda?" akauliza.

Kabla hajajibiwa, simu ya Raili, iliyokuwa sasa juu ya meza kati ya vikombe, ikalia.